Je, kila mwamba ngozi huvutia kwake?

Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Methali hii tunaitumia kwa njia mbili, na aghalabu hatutanabahi kuwa ni mbili. Mara huwa ni lawama: fulani amesimamia ugawaji wa shamba la marehemu, na kipande chenye kisima kimeangukia kwake. Mara huwa ni udhuru: kwa kuwa kila mtu huvutia kwake, basi nasi tusilaumiwe tukivuta. Maneno yale yale yanamshitaki jirani na kututetea sisi. Panapotokea hali kama hiyo, ipo haja ya kukaa kitako na kuuliza tunasema nini hasa.

Swali hili halikai vitabuni tu. Siku hizi kijana wa kidato cha tano au wa chuo hurudi nyumbani likizo na kusema: “Mama, hakuna mtu anayemtendea mwenziwe jambo bure. Hata wewe unaponipikia unajifurahisha mwenyewe. Hata baba anaposwali anaitafuta pepo yake.” Mzazi mmoja hukasirika, mwingine hucheka, wa tatu hunyamaza kwa kuwa hana la kujibu. Sisi tunaona kijana huyo anastahili jibu. Hoja yake ina zaidi ya miaka elfu mbili. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri, Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete yenye uwezo wa kumfanya asionekane. Mchungaji yule alitumia siri hiyo kumlaghai mke wa mfalme, akamwua mfalme, akakalia kiti chake. Kisha Glaucon anauliza: kama pete hiyo ingekuwa mbili, mwadilifu akapewa moja na dhalimu nyingine, je, matendo yao yangetofautiana?

Kabla ya kumjibu kijana, tuitazame lugha yetu, kwani Kiswahili kimeyapanga maneno haya kwa uangalifu kuliko sisi tunavyoyatumia. Tulilipokea neno nafsi kutoka Kiarabu, na kutoka huko huko tukapata binafsi, yaani kwa nafsi yake. Binafsi halina lawama: tuna shule binafsi, mali binafsi, maoni binafsi. Likitanguliwa na herufi moja tu, likawa ubinafsi, tayari ni tusi. Kujipenda, kwa upande mwingine, ni sifa. Mwanamke akisemwa kuwa anajipenda, maana yake ni nadhifu, nguo yake imepigwa pasi, na mbele ya watu hajivunjii heshima. Maslahi nayo ni neno la heshima kabisa. Walimu na wauguzi hudai maslahi yao mchana kweupe na hakuna anayewaita wachoyo. Ama choyo, hilo ni la yule anayefunga mlango ale peke yake.

Basi tayari tuna mambo matatu ambayo si kitu kimoja: mtu kujipenda, mtu kuangalia maslahi yake, na mtu kuwa mbinafsi. Anayepiga mswaki asubuhi anaangalia maslahi yake, wala hakuna aliyedhulumika. Anayekula chakula cha mchana vilevile. Chakula hicho hicho kikiliwa mbele ya mtoto mwenye njaa asiyepewa hata tonge, hapo pana ubinafsi. Tofauti haimo tumboni mwa mlaji. Imo katika haki ya yule mtoto iliyopuuzwa. Na mambo haya mawili huweza hata kwenda njia mbalimbali. Baba anayevuta sigara ndani ya chumba alimolala mtoto mwenye pumu anayaharibu maslahi yake mwenyewe, kwa kuwa mapafu ni yake, na papo hapo ni mbinafsi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mbinafsi bila kupata faida yoyote, na anaweza kupata faida bila chembe ya ubinafsi.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ya yale yanayopita majumbani. Mama amelea watoto watano, mgongo unamuuma mwaka wa pili sasa, na kila anapotaja kwenda hospitali hupatikana jambo la dharura zaidi: ada, mgeni, harusi ya binamu. Siku anaposema kuwa fedha aliyopata katika mchezo wa kina mama ataitumia kujitibu, husikika sauti, pengine ya mume, pengine ya wifi, pengine ya binti yake mwenyewe: “Mama siku hizi umekuwa mbinafsi.” Kuna na baba ambaye kwa wanawe wakubwa amekuwa mfuko tu wa kuchotwa, na akisema mwezi huu hana, anaulizwa anamwekea nani. Hapa neno ubinafsi limegeuzwa fimbo, na anayeishika fimbo hiyo mara nyingi ndiye mwenye kuvutia kwake. Hatujui dhuluma ya nyumbani iliyo nyepesi kutenda kuliko hii, kwa sababu anayedhulumiwa husaidia kujihukumu. Mwenye kuumwa akitafuta tiba amefuata maslahi yake, na maslahi hayo ni haki.

Turudi kwa kijana na dai lake kwamba kila tendo la kila mtu, likichunguzwa hadi chini, ni la kujitafutia. Hili wanafalsafa huliita nadharia ya maumbile ya mwanadamu. Halisemi tuwe wabinafsi, linasema hatuwezi kuwa vinginevyo. Huko Ulaya, anayetajwa sana ni Mwingereza Thomas Hobbes, aliyefariki mwaka 1679. Rafiki yake John Aubrey alisimulia kwamba siku moja katika barabara ya Strand, London, mzee dhaifu alimwomba sadaka, naye Hobbes akamtazama kwa huruma, akatia mkono mfukoni na kumpa peni sita. Kasisi aliyekuwa karibu akamwuliza kama angetoa lau isingekuwa amri ya dini. Akajibu kuwa angetoa, kwa kuwa hali ya mzee yule ilimwumiza, na kumpunguzia mzee dhiki kulimpunguzia naye maumivu.

Wasomaji wetu huenda wakashangaa kusikia kwamba hoja inayofanana sana na hii ilikwisha kuandikwa karne tano na zaidi kabla ya Hobbes, na mwandishi wake si mwingine bali Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika mjadala wake na Mu'tazila, waliosema kuwa akili peke yake hutambua jema na baya, uliletwa mfano wa mtu anayemwokoa mwenziwe anayekaribia kuangamia, ilhali mwokoaji haamini malipo ya akhera wala hatarajii sifa ya watu. Je, huyu hakusukumwa na wema wenyewe? Al-Ghazali akajibu kwamba mwanadamu ana ulaini wa moyo kwa aliye wa jinsi yake. Hujiona yeye mwenyewe katika balaa lile, akawaza watu wengine wakimpita bila kujali, naye kwa kuokoa hujiondolea uchungu wa wazo hilo.

Kwa hiyo kijana wetu ana wenzake wakubwa. Lakini dai lao lina ufa, na aliyeutia kidole vizuri zaidi, kwa maoni yetu, ni Joseph Butler, kiongozi wa kanisa wa Uingereza, katika hotuba alizozichapisha mwaka 1726. Tukiieleza hoja yake kwa mfano wa Hobbes, ni hivi: kwa nini hali ya mzee yule ilimwumiza Hobbes? Barabarani walipita watu wengi; wengine walimwona mzee na hawakuumia hata kidogo. Aliyeumia ni yule ambaye tayari alikuwa na jambo na mzee. Maumivu hayakuzaa huruma. Huruma ndiyo iliyozaa maumivu. Nafuu ya mtoaji ni kivuli cha kitu kilichotangulia, nacho ni kumtakia heri mpokeaji. Mama anayekesha na mtoto mwenye homa hupata faraja homa ikishuka, lakini faraja hiyo isingekuwapo kama angekuwa hamjali mtoto. Anayesema mama alikesha kwa ajili ya faraja yake amekitanguliza kivuli mbele ya mti.

Butler aliona jambo jingine pia. Hamu zetu nyingi huelekea vitu vilivyo nje yetu: njaa huelekea chakula, urafiki huelekea rafiki, udadisi huelekea elimu. Mtu asiyetaka chochote isipokuwa raha yake angekosa pa kuipata raha, kwa kuwa raha huja kwa kupata ulichokitaka. Na hapa ndipo kijana anapotatizika. Anatoka katika kauli kwamba kila ninalolitenda ni mimi niliyelitaka, ambayo ni kweli tupu, akatua katika kauli kwamba kila ninalolitaka ni kwa ajili yangu, ambayo ni jambo jingine kabisa. Matakwa ni yangu. Ninachokitaka kinaweza kuwa nafuu yako. Akiendelea kung'ang'ania kwamba hata hilo ni ubinafsi, aulizwe basi ni tendo gani ambalo, lau lingetokea, angekubali kuwa si la ubinafsi. Akikosa hata moja, amelitanua neno hadi likatatuka, na hawezi tena kulitumia kumtofautisha anayegawa sahani yake na anayekula amejifungia.

Wapo waliotaka kulipima jambo hili badala ya kubishana. Mwaka 1981, mwanasaikolojia C. Daniel Batson wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha jaribio lenye hila nzuri. Wanafunzi walimtazama kupitia runinga msichana aliyeitwa Elaine, aliyeonekana akipigwa shoti ya umeme na kuteseka. Kwa kweli hapakuwa na shoti, alikuwa akiigiza tu. Baadhi ya watazamaji waliambiwa watatazama duru mbili tu kati ya kumi, kisha wako huru kuondoka. Wengine waliambiwa watatazama zote. Halafu wote wakaulizwa kama wangekubali kukaa mahali pake. Sasa, kama huruma ni kutafuta kujiondolea maumivu tu, mwenye njia nyepesi ya kuondoka angeondoka. Asiyemwona msichana hana tena cha kumwumiza. Waliofanywa wajione hawafanani naye ndivyo walivyoelekea kufanya, wengi wao wakashika njia ya mlango. Lakini waliomwonea huruma kwa kujiona wanafanana naye, wengi walijitolea kuchukua nafasi yake hata pale mlango ulipokuwa wazi. Wapinzani wa Batson walileta maelezo mengine, naye akawajibu kwa majaribio mengine, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Kwetu sisi inatosha kwamba dai la kuwa jambo hili haliwezekani limepoteza ule uhakika wake.

Na al-Ghazali? Tusimwache pale tulipomwacha. Katika Ihya, kwenye kitabu cha mahaba, anazihesabu sababu za mtu kupenda, na ya kwanza ni mtu kuipenda nafsi yake, kudumu kwake na ukamilifu wake. Lakini haishii hapo. Anasema watu humpenda mtu mwema aliye nchi ya mbali ambaye wema wake hautawafikia kamwe. Anasema pia kwamba kizuri hupendwa kwa uzuri wake, na mfano wake ni majani mabichi na maji yanayotiririka, ambayo jicho huyapenda bila mtu kutaka kuyala wala kuyanywa. Kijana akitaka kumchukua al-Ghazali kuwa shahidi wake, itambidi amchukue na ushahidi huo mwingine.

Limebaki lile la baba anayeswali kwa kutaka pepo. Tukikumbuka tofauti tuliyoiweka mwanzoni, swali hili halitishi kama linavyosikika. Kutaka pepo ni kuyataka maslahi makubwa kuliko yote, lakini ubinafsi ni kupuuza haki ya mwingine, na pepo ya baba haimpunguzii jirani yake nafasi hata shibiri moja. Zaidi ya hayo, njia aliyoonyeshwa inapita kwa yatima, kwa jirani na kwa mwenye njaa. Hata hivyo wanazuoni hawakusema kuwa nia zote ziko sawa. Al-Ghazali anamfananisha anayeabudu kwa kutaka starehe za peponi tu na kibarua anayefanya kazi kwa ujira. Nia yake haikuikataa, lakini juu yake ameweka nia ya anayeabudu kwa mapenzi. Tatizo la kweli liko kwingine, kwa yule anayetoa ili aonekane. Huyo anamhitaji maskini asimame mbele ya kamera akiwa ameshika mfuko wa unga, na siku kamera isipokuwapo, unga haupo.

Yupo pia anayesema kuwa sisi si lazima tuwe wabinafsi, bali ndivyo inavyotupasa kuwa. Maarufu katika hao ni Ayn Rand, aliyezaliwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1905, akaona duka la dawa la baba yake likitaifishwa na Wabolsheviki, akahamia Marekani mwaka 1926. Mwaka 1964 alitoa kitabu alichokipa kwa makusudi jina la kuudhi, The Virtue of Selfishness, yaani fadhila ya ubinafsi. Tusimsingizie: hakufundisha wizi wala kuwakanyaga watu. Alisema mtu asijitoe kafara kwa ajili ya wengine, wala asiwafanye wengine kafara yake. Ukimsikiliza kwa masikio ya yule mama mwenye maumivu ya mgongo, unaona kwa nini vitabu vyake vimepata wasomaji wengi. Ila Rand aliiona dunia kama yenye vyumba viwili tu, cha anayejitoa kafara na cha asiyejitoa, na katika vyumba hivyo hakuna mahali pa ndoa, wala pa mtoto mchanga, wala pa mzee aliyerudi kutambaa. Alidai pia kwamba maslahi ya watu wenye busara hayagongani. Aje tumwonyeshe ndugu wanne, wote wana busara, na kiwanja kimoja cha urithi.

Sokoni hali ni nyepesi zaidi. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alieleza kwamba hatupati chakula chetu cha jioni kwa hisani ya mchinjaji na mwoka mikate bali kwa kuwa nao wanaangalia maslahi yao, na muuza maandazi wa mtaani anaweza kuthibitisha hilo kila alfajiri. Watu husahau kwamba Smith huyo huyo, mwaka 1759, alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya mtu kujali hali ya mwenziwe. Wala methali yetu haimpingi. Ngozi ya ngoma huvutwa pande zote ndipo ikalia. Ikivutwa upande mmoja, hupinda.

Kuna ubinafsi mmoja ambao kurasa kama hizi hazina budi kuutaja, kwa kuwa huvaa nguo ya familia. Mwanamume hajinunulii hata kanzu mpya, kila senti ni ya wanawe, na watu humsifu kwa kujinyima. Kumbe ada ya wanawe hao imetoka katika fungu la mayatima wa marehemu ndugu yake alilokabidhiwa. Hakuvutia kwake, alivutia kwao. Mwaka 1932 Mmarekani Reinhold Niebuhr aliandika kwamba mtu anaweza kujishinda nafsi yake huku kundi lake likiwa na uroho usio na aibu, na kwamba kule kujitoa kwake ndiko kunakoulisha uroho wa kundi. Yeye alikuwa akifikiria mataifa na matabaka. Ukoo nao ni kundi.

Tumeyataja mengi, limebaki gumu kuliko yote. Tuseme kijana amekubali kwamba binadamu anaweza kumtendea mwenziwe kwa ajili ya mwenziwe. Anaweza bado kuuliza: wajibu wangu ukigongana na maslahi yangu, ni sababu gani ya kiakili inayonilazimu niufuate wajibu? Henry Sidgwick, mwalimu wa Cambridge, alilishughulikia swali hili katika kitabu chake The Methods of Ethics cha mwaka 1874. Alikiri kuwa akili ikiachwa peke yake haiwezi kuamua kati ya hesabu ya mtu ya maslahi yake na hesabu ya heri ya wote, isipokuwa kama ulimwengu una mpangilio unaohakikisha kwamba wajibu hautapotea bila malipo. Mwenye kuamini hilo amevuka. Sidgwick hakupata njia ya kulithibitisha kwa falsafa yake, na toleo la kwanza la kitabu kile kikubwa lilifungwa kwa neno kushindwa; katika matoleo yaliyofuata aliliondoa.

Lakini miaka mitano kabla ya kitabu hicho, mwaka 1869, Sidgwick alikuwa na cheo chenye kipato na heshima katika chuo cha Trinity. Sharti la cheo hicho lilikuwa kuyakiri mafundisho ya Kanisa la Uingereza, naye alikuwa ameyatilia shaka. Si yeye peke yake aliyekuwa na shaka, na waliokaa kimya waliendelea kupokea haki zao. Yeye alijiuzulu. Baadaye chuo kilimpa kazi ya kufundisha isiyo na sharti lile, na sharti lenyewe likaondolewa na Bunge la Uingereza mwaka 1871.